Maneno ya Baba Mdogo Niliyoyakata

Msinihurumie! Nilikosa nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi ni mtangazaji wa redio moja hapa Tunduma. Matokeo ya uchaguzi uliopita yalipozua ubishi, mhariri wetu alitupa amri: washindi waongee watakavyo, wanaolalamika wapewe sekunde chache, tena zile zinazowachafua. Nikaitikia haraka. Nilikuwa nautamani ukuu wa kitengo cha habari, jamani, niliutamani vibaya.

Aliyekuja kulalamika siku hiyo ni baba yangu mdogo. Ndiye aliyenilea kijijini Iyula baba alipofariki, akanisomesha kwa kahawa yake. Alikuwa wakala wa chama kilichoshindwa, na fomu ya matokeo ya kituo chake ameikunja ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Kura za kwenye fomu hazikulingana na zilizotangazwa.

"Afadhali nimekukuta wewe, mwanangu," alisema. "Wengine wangenigeuzia maneno."

Nikamrekodi kwa simu. Alisema hivi: "Vijana wanasema tukachome ofisi. Mimi nimewakataza. Twende mahakamani na fomu zetu."

Mimi nikarusha "tukachome ofisi" peke yake, kwa sauti yake na jina lake. Fomu sikuitaja kabisa.

Jioni hiyo alikuwa mahabusu.

Kesho yake mama mdogo akaja kazini kwangu na mfuko wa maparachichi. "Mwanangu, si unayo yote aliyosema? Wapelekee polisi wasikilize, wamwachie."

Nilikuwa nayo mfukoni! Nikamwambia rekodi imefutika. Akanishukuru, akaniachia maparachichi, akaondoka. Hapo ndipo nikaifuta kweli, nikakaa na mhariri tukayala yale maparachichi kwa chumvi.

Cheo nikapata. Baba mdogo alitoka baada ya miezi kadhaa, kifua kimeharibika, hawezi hata kubeba ndoo ya kahawa.

Nilikwenda Iyula nikapiga magoti barazani. Akaniambia niwashe simu nirekodi.

"Nitakusamehe," akasema, "siku utakaponirudishia maneno yangu." Akakohoa. "Haya, kata unapotaka."

Na nilikata! Mama yangu mzazi alikuwa hali wala halali kwa aibu, nikamsikilizisha lile "nitakusamehe" tu. Alilia kwa furaha, akampigia shemeji yake kumshukuru. Sijui aliambiwa nini. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo mama hapokei simu zangu, na kanisani huhama benchi nikikaa karibu naye.

Ninyi mnaorusha habari, mkiambiwa mkate mtu maneno yake, kataeni, hata kama kazi itaota mbawa! Mimi nimeshapeleka ile simu kwa mafundi watatu wairudishe rekodi niliyoifuta. Wote wamesema sauti ile haipo tena.