Wimbo Niliomchukulia Bibi

Mwalimu wa kwaya yetu hapa Bulyaga alituchezea simfonia kwenye simu yake, sehemu ile ya polepole ambapo zumari huimba karibu peke yake. Akatueleza kuwa mtunzi alikuwa Mzungu wa zamani aliyevuka bahari hadi Marekani, akazipenda nyimbo za watu weusi waliotoka utumwani.

"Lakini wimbo wao hakuuchukua," alisema. "Alisikiliza, kisha akatunga wake."

Mimi nilisikia nusu.

Jumamosi nikaenda Kyimo kwa bibi. Alikuwa barazani akimenya ndizi, anaimba kwa sauti ya chini wimbo alioutunga siku alipomzika mwanawe wa kwanza. Nikarekodi, simu ikiwa chini ya daftari langu la kuandikia nyimbo za kwaya. Sikumwomba.

Mazoezini nikaicheza rekodi ile. "Wa nani huu?" mwalimu aliuliza.

"Wa zamani tu. Wa Wanyakyusa wote."

"Kumbe mwandishi wetu una faida! Maana sauti huna."

Wote wakacheka, mimi nikavimba kichwa. Mwalimu akaupachika maneno ya kushukuru mavuno, akauharakisha, akaongeza ngoma.

Nilimwalika bibi mwenyewe kwenye ibada ya mavuno, nikamketisha benchi la mbele. Kwetu wimbo wa kilio una marehemu wake. Ukisikika, kuna msiba. Tulipoanza, vikongwe waliokuwa wakiujua walimgeukia, wakamshika mikono mmoja mmoja: "Ndaga fijo," kama anavyopewa pole mfiwa. Sisi tulikuwa tunapiga makofi na kutabasamu.

Nje aliniuliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna, bibi."

"Basi mbona mmemzika mwanangu mara ya pili? Tena kwa vigelegele."

Nilimwambia mwalimu ukweli. Akasema, "Uliniambia ni wa wote." Akauondoa kwenye nyimbo zetu. Lakini video iliyopigwa siku ile ilikwishasambaa. Dada anayeuza vocha stendi ameufanya mlio wa simu yake, na kila anapopigiwa natamani kukimbia.

Wiki iliyopita nilirudi Kyimo kuomba radhi. Bibi aliipokea, akanipa maziwa ya mgando, akauliza habari za kazi. Ila tulipoketi barazani alikuwa kimya, kimya ambacho sijawahi kukisikia katika nyumba ile.

"Simu yako iko wapi?" aliuliza.

Nikaipeleka chumbani, nikaizima, nikarudi. Tulikaa mpaka ukungu ukaifunika migomba yote. Hakuimba.