Maoni ya Dada Birika

Fundi cherehani mwenye pini mdomoni habishani na mtu. Wateja wanalijua hilo, na ndiyo maana hupenda kumwaga yao ya moyoni wakati wakipimwa: mtu kasimama juu ya kigoda, mikono kaitandaza, na miguuni pake kapiga magoti mwanamke wa makamo mwenye pini tano kati ya midomo, anayeitikia kwa pua tu. Mwezi ule kila aliyepanda kigoda alikuja na habari moja, filamu ya Mama Bado Yupo.

"Fundi, hujaiona? Basi mwaka huu hujacheka," alisema mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyeleta sketi iongezwe kiunoni kwa mara ya pili. "Nimecheka mpaka nikabanwa na mkojo. Yule Dada Birika! Mama anapaliwa kule chumbani, anakoroma, shuka linaruka, yeye kakaa na kikombe chake. Anapuliza chai. Anapiga funda. Anapuliza tena. Mpaka kikombe kinakwisha, na mama naye kaisha!"

"Mm," alisema fundi.

"Ila wamezidisha chumvi. Mtoto wa kike hawezi. Wa kiume, sawa, ningeamini."

Dereva wa lori aliyekuja kubadilisha zipu ya jaketi hakucheka hata kidogo. Alisema yule dada ni muuaji, filamu ingemalizikia jela, na jaketi analitaka jioni ileile. Msichana aliyekuwa anashonewa gauni la harusi alisema sehemu ya mwanzo ilimchosha, lakini pale pa chai yeye na mchumba wake walipatazama mara mbili, na siku hizi mmoja akimwita mwenzake, mwenzake hujibu, "Ngoja nimalize chai." Fundi alizichomeka pini zake moja moja kwenye upindo. Hakumchoma mtu. Mimi ningewachoma wote watatu.

Maana Dada Birika alikuwa yeye fundi. Riwaya iliyotengenezewa filamu ile iliandikwa na mdogo wake wa mwisho, na mama aliyepaliwa alikuwa mama yao.

Mama alipigwa na kiharusi siku moja akianika nguo. Upande wa kushoto ukafa, ulimi ukawa mzito, na koo likasahau kazi yake. Uji ulipita njia siyo. Hata mate yalipita njia siyo. Akipaliwa, ilibidi ainuliwe upesi, ainamishwe mbele, apigwe mgongoni kwa kiganja, kisha atiwe kidole kilichoviringishwa kitambaa ili kutoa kilichokwama. Kwa miaka kumi na moja mwenye kidole hicho alikuwa mtu mmoja tu. Alihamishia cherehani yake chumba cha pili ili asikie, na akajifunza kusikia hata mashine ikiwa inanguruma. Mchumba alikuwa naye. Mchumba alingoja miaka miwili, akachoka, akaoa kwingine, na gauni la bibi harusi likaletwa kushonwa kwa fundi huyohuyo. Alilishona vizuri sana.

Mara sita hali ilikuwa mbaya kabisa, na mara sita aliwapigia simu wadogo zake watatu: njooni mumuage mama. Mara ya kwanza walikuja wote wanalia. Mama akalala siku mbili, siku ya tatu akafumbua macho na kuuliza ni nani aliyevaa viatu vyake. Mara ya tatu mjomba alikuwa ameshakodi viti mia na hamsini. Vilipangwa uani, mama akatolewa nje, akakalishwa kwenye kimojawapo aote jua, na mjomba akagoma kula chakula cha nyumba ile kwa hasira. Mara ya sita mdogo wake wa kati alisema kwenye simu, "Dada, safari hii una uhakika? Maana likizo zangu zimekwisha."

Mara ya saba hakumpigia mtu.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Alisikia mama anapaliwa, na hakuinuka. Basi, ni hivyo tu. Hakumgusa, hakumfunika uso, hakumfanyia neno. Alibaki kwenye kiti chake mpaka kukawa kimya, kisha akaenda kumfumba macho. Ilikuwa huruma au ilikuwa uchovu? Watu hupenda kuyatenga hayo mawili, kama kwamba mtu aliyechoka hawezi kuhurumia. Yeye hakujua siku ile na hajui mpaka leo. Wadogo zake aliwaambia mama kaondoka usingizini. Walilia, wakamshukuru Mungu, na kimoyomoyo wakashukuru pia kwamba safari hii ni kweli. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Fundi alihamia upande wa pili wa mji, akatundika kibao chake, akaendelea kushona.

Miaka sita ikapita, ndipo kitinda mimba wao akaandika kitabu. Huyu, siku zote alizokaa nyumbani wakati wa ugonjwa ule, ukizijumlisha, hazifiki mwezi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kukitungia riwaya. Dada mkubwa wa kitabuni ni mnene, mvivu, birika lake haliteremki jikoni tangu asubuhi hadi jioni. Fundi mwenyewe alikuwa mkavu, mifupa tu, na miaka yote ile hakuwahi kunywa chai ikiwa bado ya moto. Hayo hayakumuuma. Alicheka, hata. Kisha akafika ukurasa wa mia na tisini, mama akapaliwa, na dada hakuinuka.

Amejuaje?

Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo kwa miaka mitatu. Mdogo wake aliendelea kuja kila mwisho wa mwezi, akila, akivua viatu na kujinyoosha kwenye mkeka kama zamani, akisema, "Dada, mikono yako hii Mungu aitunze." Je, anajua na ameamua kunyamaza? Au alitunga, na uongo wake ukagonga mlango wa kweli kwa bahati? Kumuuliza hakukuwezekana, kwa sababu kuuliza kwenyewe ni kukiri. Wakati mwingine aliomba awe hajui. Wakati mwingine, na hili lilimshangaza mwenyewe, aliomba awe anajua.

Kwa hiyo mdogo wake alipompigia simu na kusema, "Dada, Jumamosi alasiri inaonyeshwa tena, halafu watazamaji wanatoa maoni mbele yangu, njoo, nimekuwekea kiti," hakutafuta udhuru. Alijua lazima mtu mmoja atauliza kuhusu ile chai. Alipiga gauni lake pasi, akafunga duka, akaenda kusikiliza jibu.

Ukumbi ulijaa. Alikaa safu ya tatu, mdogo wake safu ya mbele, na tangu taa zilipozimwa alikuwa akitazama kisogo cha huyo mdogo wake zaidi ya filamu. Pale pa mjomba na viti vyake fundi alicheka kwa sauti, maana ilikuwa kweli tupu, mpaka kofia ya mjomba. Kisha ikaja chai. Mwigizaji alipuliza kikombe, akachungulia ndani kana kwamba kadondosha kitu, akapuliza tena, na watu mia tatu wakavunjika mbavu. Nyuma yake mwanamume mmoja alikuwa akipiga kiti kwa ngumi. Sauti ya kupaliwa haikuwa yenyewe. Ilikuwa kubwa mno, yenye madaha. Mabega ya mdogo wake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Taa zikawashwa. Msichana mwenye fulana ya ukumbi akaanza kupitisha kipaza sauti. Mwanafunzi mmoja alimsifu mwigizaji. Mzee mwenye tai alisema riwaya ni bora kuliko filamu, kitabuni ile chai inachukua kurasa nne na hapa wameimaliza haraka. Mama mmoja alisimama kwa hasira: "Mmewatukana watu wanaouguza. Hakuna binadamu wa hivyo. Mlitaka kuchekesha, mkamtukana mtu."

Kipaza sauti kikamfikia mwanamke mwenye mvi na sweta, ambaye alisema aliwahi kuwa muuguzi.

"Nimefanya kazi wodini miaka thelathini," alisema. "Haya yanatokea. Mlipokosea ni kumfanya mvivu. Mvivu huwa hayupo. Mvivu hupigiwa simu akaja na begi."

Watu hawakujua wacheke au wagune. Fundi aligeuka kumtazama yule mwanamke, akatamani kukaa karibu naye. Ndipo kijana wa safu ya nyuma akauliza lile lililomleta: "Mwandishi, wazo la chai ulilitoa wapi?"

Mdogo wake alisimama, kipaza sauti chake mkononi, akatabasamu.

"Nilitunga," alisema. "Mama yetu alikuwa mgonjwa, hilo kweli, na zile kwaheri kweli. Lakini alifariki usingizini, kwa amani. Kitabu kilihitaji mtu wa kuchekwa, nikatafuta mtu aliye mbali kabisa na Dada Birika, nikampata nyumbani kwetu, nikamgeuza kichwa chini miguu juu. Dada yangu yule pale. Miaka kumi na moja! Dada, simama wakuone."

Fundi akasimama. Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama pia, na mama yule mwenye hasira alikuwa anafuta machozi.

Hajui. Alikuwa amejiandaa kwamba akisikia neno hilo moyo utatua. Haukutua. Kwa miaka mitatu alikuwa akifikiri kwamba labda yuko mtu mmoja chini ya jua anayelijua jambo lile, na bado anakula chakula chake na kulala kwenye mkeka wake. Kumbe hakuwepo. Makofi yalivuma, naye hajawahi kuwa mpweke namna ile, hata saa nne ile ya asubuhi, maana saa ile walau walikuwa wawili.

Msichana wa fulana alimletea kipaza sauti. "Na maoni yako, mama?"

Angeweza kusema asante. Wengi wetu tungesema asante.

"Filamu ni nzuri," alisema. "Pale pa viti nimecheka sana." Watu wakacheka naye. "Ila haikuwa chai."

Akakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo.

"Nilikuwa natia vifungo kwenye shati la shule. Vilikuwa vimebaki vitatu. Nikamsikia anapaliwa, nikasema, ngoja nimalize hiki. Nikakimaliza. Nikatia cha pili. Nikatia cha tatu, nikazungusha uzi chini yake mara nne kama inavyotakiwa, nikafunga fundo, nikakata. Ndipo nikaenda."

Kicheko kililipuka. Kilianzia safu za nyuma kikaja mbele, kikubwa kuliko kile cha chai, kwa kuwa aliyasema yale bila kupepesa jicho, kwa sauti ya mtu anayemweleza mteja bei ya upindo. "Ucheshi wao ni wa ukoo!" alipaza sauti yule mzee mwenye tai. Kijana aliyeuliza swali alikuwa ameinama, kashika tumbo. Mwanamke mwenye sweta aliweka mkono mdomoni na kukaa.

Mdogo wake naye alikuwa ameanza kucheka pamoja na watu. Kisha akamtazama dada yake, na dada yake akamtazama, wala hakuyaondoa macho. Mdomo wa mwandishi ulibaki wazi, kicheko kimeshatoka humo. Alisahau kwamba kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, karibu na kidevu, na ukumbi mzima ukasikia aliposema, kwa sauti ndogo ya mtoto wa mwisho, "Dada?"

Na hilo pia watu wakalicheka.