Maombi Yangu Yamehesabiwa Kama Kura

Hamjambo wapendwa wa ukurasa huu? Natumaini mmeamka salama, na kama kuna mgonjwa kwako nyumbani, Bwana amguse. Mimi mwili uko mzima, roho ndiyo haijatulia. Admin, nifichie jina tafadhali, maana Eldoret imekua lakini watu wa drama tunajuana wote.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nimeokoka, naishi mtaa wa Kimumu na bwana yangu. Shule niliachia darasa la nane. Kazi yangu ni kushona, sanasana yunifomu. Miaka mitatu iliyopita nilishonea kikundi fulani cha michezo ya kuigiza nguo za jukwaani bila malipo, na kwa hiyo wakanichagua kwenye bodi ya ukumbi wao. Ni ukumbi wa kujitolea, hakuna anayelipwa, hata sisi wa bodi. Wenzangu ni watu wamesoma. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu, tunamwita Mwalimu. Makamu wake ni mzee wa kanisa. Kuna wakili pia. Sitawadanganya, nilijivuna. Nilinunua hata daftari jipya la mikutano.

Kumbe kazi yangu ilikuwa moja tu, kufungua na kufunga kwa maombi. Nikiinua mkono naambiwa, "Mama, hilo tutaliombea," wanacheka kwa heshima, wanaendelea na Kizungu chao. Siku moja nilisema choo cha wasichana hakina komeo ndani. Wakili akanijibu, "Mama, wewe ndiye nguzo yetu ya kiroho." Komeo halijawekwa mpaka leo.

Sasa kuna msichana nitamwita Chebet, si jina lake. Ndiye anafundisha waigizaji, na ndiye amekibeba hicho kikundi mgongoni tangu kianze. Mwaka huu alitunga mchezo wa kuchekesha kuhusu pasta ambaye kila akitembelea washirika, anafika wakati kuku ameiva. Nilicheka mpaka nikashika kiti cha mbele. Hata bwana yangu, ambaye hacheki ovyo, alisema huyo pasta anamjua.

Lakini makamu hakucheka. Bodi ilipokutana alisimama akasema, "Akina mama wa kanisa wameumia sana na huu mchezo." Akanitazama mimi. Wakaongea kwa Kizungu muda mrefu, nikashika kidogo kidogo: mchezo usimamishwe, Chebet asikanyage tena ukumbini. Nikainua mkono. Nilitaka kusema mimi ndiye mama wa kanisa pekee hapa na sikuumia popote. Mwalimu akatazama saa. "Mama, wakati umetuacha. Tufungie na maombi."

Nikasimama. Hapo ndipo nilipokosea, ndugu zangu. Mdomo ulienda kwa mazoea. Nikasema, "Baba tunakushukuru kwa umoja huu, na yote tuliyokubaliana hapa uyapige muhuri wako." Amina waliyoitikia ilikuwa kubwa kuliko siku zote.

Juma lililofuata Chebet alikuja ninaposhonea. Hakuketi. Alinipa barua ya bodi nisome. Ilisema uamuzi ulikuwa wa wote, na kwamba mimi, kwa niaba ya akina mama, niliubariki kwa maombi.

"Mum," akaniambia, "ni wewe uliniombea nifukuzwe?"

Nilimwambia sikujua wataandika hivyo.

"Lakini uliomba ama hukuomba?"

"Niliomba."

"Basi ni sawa, Mum." Akachukua barua yake akaenda. Tangu hapo akiniona anavuka barabara, na huyu ni mtoto alikuwa anakunywa chai kwangu karibu kila siku.

Nikampigia Mwalimu simu. Nikamwambia sikukubali, na aandike hivyo. Akacheka kidogo, kile kicheko cha kubembeleza mtoto. "Mama, maombi hayafutwi. Unataka turudi kumwambia Mungu ulikosea?" Nimelifikiria hilo swali kila nikipiga magoti, na sasa nikianza kuomba najisikiliza mwenyewe kama mtu anayeogopa kushtakiwa.

Bwana yangu anasema niachane nao, hiyo bodi sikuzaliwa nayo. Rafiki yangu wa ushirika ananiambia, "Wewe nenda uombe, lakini uwaombee kwa mafumbo mpaka makamu atafute mlango." Nilicheka, lakini siwezi. Kumtumia Mungu kuwapiga wenzangu kofi, nitakuwa nimewapita wao kwa ubaya. Na kujiuzulu naona ni kumwacha Chebet peke yake na ile barua yenye jina langu.

Kinachoniudhi zaidi si wao. Ni kwamba mkono wangu ulikuwa juu, nikaushusha mwenyewe kwa sababu mtu aliyesoma alitazama saa.

Mkutano ni Jumamosi hii. Karani wa bodi ametuma ajenda leo asubuhi. Ya kwanza ni maombi, na jina langu liko hapo. Ya pili ni kuthibitisha kumbukumbu za mkutano uliopita. Wakishazithibitisha, Chebet amekwisha pale, na mimi ndiye nitakuwa nimemfungia mlango mara mbili. Nikisimama niseme siombi mpaka kwanza nisikizwe, wataenda kusema yule mama aliyeokoka amekataa kumwita Mungu. Habari hiyo itafika kanisani kwangu kabla sijafika nyumbani.

Wapendwa, ninyi mngefanyaje? Nikatae kuomba? Au kuna njia ya kuomba bila kukubali? Karani anangoja nimjibu kama nitafungua mkutano, na sijamjibu. Tafadhali niandikieni kabla ya Jumamosi, nitasoma kila neno.