Sakafu ya Afande

Jirani yangu wa Gatitu ni afande mstaafu kutoka magharibi, mtu mpole ambaye kila asubuhi hunisalimia kabla sijamsalimia. Kwa miaka mingi sikuwa na sababu ya kumchukia, na si kwamba sikuitafuta. Kisha akapaka rangi sakafu ya gereji yake.

Ilikuwa rangi ya kijivu, nzito, inayong'aa hadi dirisha likaonekana ndani yake. Gari lake akaliacha nje linyeshewe, maana magurudumu yangeichafua. Watu wakaanza kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Jumuiya yetu ya kanisa, ambayo husali nyumba kwa nyumba kwa zamu, ilifika kwake na zamu ikasahau kuendelea.

"Ukisali pale unasikia kabisa maombi yakipanda," mke wangu akaniambia.

"Ile ni gereji."

"Ilikuwa gereji."

Mimi pia nina gereji. Gari tuliliuza, lakini sakafu niliitunza. Shule ya bweni ilinifundisha kupiga magoti na kung'arisha simiti kwa nta nyekundu na kipande cha blanketi kuukuu, na ingawa baadaye nilisoma hadi chuo kikuu, sidhani kuna jambo jingine ninalolijua kwa uhakika huo. Kila Jumamosi niliipaka nta. Ilikuwa nyekundu, ikimetameta, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunivulia kiatu.

Ningeumwa na wivu wangu kimyakimya, lakini mwezi wa saba binti yetu alikuwa aposwe. Ukoo wa kijana ulikuwa unatoka Murang'a kuleta mahari. Mwezi wa saba kwetu ni ukungu na manyunyu, na ukisimamisha hema uani, wageni wataondoka na nusu ya shamba kwenye viatu.

"Baba, usikasirike," binti akaanza. "Tumeonelea tuombe gereji ya afande."

"Tumeonelea, wewe na nani?"

"Na mama."

"Wakija kukuomba, watakuomba kwangu. Nina gereji."

Aliitazama sakafu yangu kwa huruma. "Hiyo yako itawapaka wageni nta kwenye soksi, Baba."

Ni kweli, ilikuwa inapaka. Lakini mtu anayeishi kwa kuandika, anayejulikana kwa jina lake, hawezi kumwoza binti yake katika gereji ya mwanamume mwingine. Nikashuka mjini nikanunua rangi ya kijivu kama ile, ila nikamwomba muuzaji anipe inayong'aa zaidi. Maelezo kwenye kopo yalitaka sakafu iwe safi kabisa. Niliona kama natukanwa. Safi? Basi kwa kuwa mimi si mtu wa kubahatisha, niliipaka nta mara moja zaidi, nikaisugua hadi mabega yakauma, ndipo nikapiga rangi juu yake.

Ilipendeza. Nilimwita binti.

"Inashinda ya afande?"

"Ni nzuri, Baba."

"Sijauliza hivyo."

"Haya. Inashinda."

Nililala kama mfalme. Siku moja kabla ya wageni, viti vya kukodi vikaletwa, nami nikavuta cha kwanza kukiweka mahali pake. Rangi ikafuatana na mguu wa kiti, ukanda mrefu, kama utando wa maziwa yaliyochemka. Chini yake nta yangu ilikuwa nyekundu, nzima, haijaguswa. Nikavuta kiti cha pili, sijui kwa nini. Ukanda wa pili.

Mke wangu akaja, akainua ngozi ile kwa ncha ya kidole cha mguu.

"Nta uliitoa kwanza?"

"Niliongeza."

Akaketi kwenye kile kiti akacheka hadi akajifuta machozi kwa leso. Binti hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Basi nenda ukamwambie afande," nikamwambia binti.

"Nilishamwambia zamani. Alisema hawezi kufungua mpaka wewe mwenyewe useme."

Hata heshima yake ilikuwa imepakwa rangi vizuri. Nikaenda. Alifungua lango kabla sijabisha; tangu ajue naandika vitabu huniita mwalimu.

"Mwalimu! Lete viti tu. Huyo ni msichana wetu."

Wetu! Nikameza neno hilo pamoja na chai yake.

Siku yenyewe wageni wakavua viatu mlangoni, wazee kwa akina mama, wakaingia wakitembea kama walio kanisani. Msemaji wao, mzee mwenye kofia ya manyoya, akaiangalia sakafu, akamwangalia afande aliyesimama katikati yake akiwa na suti, akamwendea moja kwa moja na kumshika mkono kwa mikono yake miwili. Akamshukuru kwa Kikuyu kwa kulea binti mwema. Nyumba yenye sakafu kama hii, alisema, haiwezi kutoa mtoto mbaya. Afande, ambaye Kikuyu chake ni kizuri kuliko cha wanangu, alijaribu kumkatiza, lakini mzee alikuwa ameshapata mwendo. Mimi nilikuwa ukutani, nikiwa na soksi zilizotoboka.

"Mzee, huyo ni jirani," sauti ya binti ikatoka nyuma. "Baba yangu ni yule mwenye rangi kwenye kucha."

Watu wote wakageuka. Nikaitazama mikono yangu. Rangi iliyokataa kushika simiti ilikuwa imeshika kucha zangu zote; mafuta ya taa na sabuni havikuibandua. Mzee akaja akiteleza kidogo, akaishika mikono ile, akaikagua.

"Mkwe, kumbe wewe ni fundi?"

"Hapana," binti akajibu kabla yangu. "Lakini alijaribu."

Wakacheka wote, nami nikacheka, na nilitamani asiniachie mkono. Tukaitwa kuketi. Afande alikuwa anapanga viti upya, akiinua kila kimoja juu juu, asikwaruze. Aliponiwekea changu nikamshukuru. Kisha, huku msemaji akianza maneno yake, nikakivuta kile kiti nyuma kidogo, kwa nguvu, nikainama kuangalia rangi.

Haikuchubuka.