Nani Alipakua Firigisi

Msimu ule redioni hakukuwa na jingine: Kongo iingizwe kwenye jumuiya yetu ya Afrika Mashariki au isiingizwe? Laiti shemeji yangu angeyaacha maneno hayo redioni. Aliyaleta nyumbani kwangu Kanduyi, siku ile ile binti yangu alipomleta kwa mara ya pili mchumba wake, Mkongomani aliyekuwa akishona vitenge mjini Kitale.

Mimi ni mjane. Katika ukoo wetu, shemeji, kaka wa marehemu, ndiye mwenye kauli. Nilibaki jikoni na kuku wangu, sikio ukutani, jicho kwenye ufa wa mlango.

"Hii Kongo ni kubwa, bana," nilimsikia. "Ukiwafungulia mrango, si vita yao pia inaingia?"

"Lakini soko, mzee," alijibu mdogo wake, mkulima wa Endebess. "Mahindi yetu tutauzia nani?"

Walibishana hivyo mpaka ugali ukaiva, wakiitaja Kongo huku wakimtazama kijana. Yeye alikuwa akiizungusha kofia yake magotini. Walikuwa wamemrudisha mara moja tayari, na asubuhi hiyo binti yangu alininong'oneza: "Mama, wakimrudisha tena hatakuja. Na mimi nitamfuata." Nilikuwa nimeshazika mume. Sikuwa na nguvu ya kumpoteza na mtoto.

Shemeji akakohoa. "Hata marais hawana haraka. Na sisi tungoje kwanza, mpaka baada ya mavuno."

Subira huvuta heri, wanasema. Lakini wanaume wa ukoo huu nawajua: kungoja kwao ni kukataa kwa adabu. Nilikasirika, nikaiepua sufuria ya kuku kabla ya wakati.

Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye boma, na tangu nifiwe ni ya shemeji. Akimwachia mtu mwingine, mtu huyo amekuwa wa nyumbani. Niliitoa sufuriani, nikaiweka kwenye sahani ya kijana, juu kabisa, isifichike, nikawapelekea.

Shemeji alipekua bakuli lake kwa kijiko. Akapekua tena. Ndipo akaiona ilipo.

"Nani alipakua hii chakula?"

"Ni mimi, mzee," nilijibu.

Hakuna aliyenawa. Niliogopa sana, nilidhani atainuka aondoke na kikao chake. Alimgeukia kijana.

"Hiyo ukikula, umeingia. Na vita ya hii boma pia ni yako."

Kijana akaitia mdomoni. Nilikuwa nimeipika haraka haraka, bado ngumu. Nilisimama mlangoni nikimtazama anavyotafuna, nikiomba asije akaitema.