Spika za bei ya gari

Leo nimemwomba radhi mpangaji wetu.

Ni fundi umeme, kaja hapa Palma kwa kazi za gesi. Wenzake walinunua magari. Yeye pesa kama hizo kanunua aparelhagem, redio kubwa yenye spika mbili zinazonifika kiunoni, na kazini anakwenda kwa miguu.

Nimemcheka miezi mitatu, tena si kwa siri.

Asubuhi nikampa kaseti ya marehemu baba, tuliyorekodi kwenye maulidi nyumbani. Kwenye redio yetu ilikuwa inakoroma tu.

Kaiweka.

Baba akakohoa. Tukasikia mpaka vikombe vikigongana. Halafu akaita, vilevile alivyokuwa akimwita mama miaka yote: "Mama Zena!"

Mama alikuwa uani anakuna nazi.

"Labeka," akaitika, akaja mbio na mikono yake ya nazi.

Akasimama mbele ya spika. Kisha akamwambia mpangaji, "Mwanangu, mrudishe nyuma, aniite tena."

Kaka, nakushukuru sana. Magari tutayapanda siku nyingine.

Nanyi wenye kaseti za wazee wenu, njooni nazo, mwenyewe amekubali.

Mpaka naandika hapa, mama ameshaitika mara nne.