Bunduki ya Fundi Thami

Thami ni fundi cherehani hapa Ulmes, mji wetu wa milimani Moroko. Duka lake linatazamana na bucha yangu, kwa hiyo namwona yeye zaidi ya ninavyomwona mke wangu. Ni mwembamba, mpole, mtu wa kukata majoho na kaftani na kuomba radhi hata pale alipokanyagwa yeye. Idi ya kuchinja ikifika huniita nimchinjie kondoo wake, halafu anaingia ndani na kufungulia redio kwa sauti ya juu. Simsemi vibaya. Nasema tu kwamba ungeniuliza ni nani katika mji huu asiyefaa kupewa bunduki, nisingehitaji muda wa kufikiri.

Mkewe Yamna ni mtu mwingine kabisa. Alianza kupanda mlimani na baba yake, Bouazza, tangu akiwa msichana, na leo hakuna mwanamume wa hapa anayemshinda kwa kwale. Nayasema haya mimi Maati, kiongozi wa kikundi chetu cha uwindaji, na sifurahii kuyasema. Kikundi chenyewe kilikuwa mimi, Bouchta mfuga nyuki, Bouazza na binti yake. Mwaka mmoja Bouazza akafariki kabla ya mavuno. Nililia mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kulifanya, na nilipomaliza kulia nikagundua kwamba tumebaki na tatizo.

Yamna alikuja dukani kwangu kununua maini. Nikaona heri nimwambie.

"Binti yangu, wanawake wa bafu la hamamu wameshaanza."

"Wameanza nini, Ami?" Huniita ami kwa heshima tu, si kwa damu.

"Wameanza. Mke wa mtu, mlimani na wazee wawili wasio ndugu zake. Baba yako ndiye aliyekuwa akiwaziba midomo."

"Basi nao waje mlimani. Tuone nani atafika kwenye chemchemi."

"Njoo na mumeo, au msimu huu kaa nyumbani."

Uso ulimbadilika, nami nilimwonea huruma, lakini maini nilimpimia yale yale aliyolipia.

"Atakuja," akasema. "Atatubebea kikapu cha chakula."

"Wa kubeba kikapu simtaki. Watu watasema tumemchukua kama mwavuli. Aje na kibali chake na bunduki yake, atembee kwenye mstari kama sisi."

Nilidhani nimemaliza mjadala. Kesho yake asubuhi Thami alifunga duka akaenda kuomba kibali. Ofisa alimuuliza kwa nini anataka kuwinda, naye akajibu kwamba mke wake anapenda. Wakampa.

Ikabaki bunduki. Bunduki ya marehemu ilikuwa imeshachukuliwa na kaka mkubwa wa Yamna, ambaye hawindi ila ameitundika ukutani sebuleni. Pesa za Thami ni za fundi cherehani, unazijua. Wakaenda mjini Khemisset kwa muuzaji mmoja wa bunduki, na mimi nikaenda nao kwa sababu nilikuwa na shughuli huko. Shughuli yenyewe ilikuwa kuwatazama.

Muuzaji alimpa mkono Thami, akamkaribisha Thami kiti, akamuuliza Thami anataka nini. Thami akamwonyesha mkewe kwa kidole. Kwa nusu saa nzima Yamna alikuwa akiuliza na muuzaji akimjibu Thami.

"Hii hapa, bwana, ndiyo rahisi kuliko zote," alisema, akatoa bunduki ya mtutu mmoja, nyepesi kama ufagio. "Kwa anayeanza hakuna bora. Haichoshi bega."

"Nyepesi hivyo itampiga teke," Yamna akasema.

"Haina teke, bwana," muuzaji akamwambia Thami.

Wakaruhusiwa kuijaribu kwenye shamba lililo nyuma ya duka. Thami akaishika, akafumba macho yote mawili, akafyatua. Bunduki ikamtandika shavu na bega kwa pamoja, naye akaiomba radhi. Wiki nzima aliwaambia wateja wake kwamba aliteleza kwenye ngazi. Nyumba ya Thami haina ngazi.

Muuzaji akaleta nyingine, mpya, nyeusi, inayojipakia risasi yenyewe. Thami akaipenda palepale, akasema inasikika kama cherehani nzuri. Bei yake ilikuwa ya kuuza cherehani zake zote mbili, lakini si bei iliyomkatisha Yamna tamaa.

"Mtu anayeanza apewe risasi chache za kukosea," alisema. "Ya kwanza atakosa kwale. Ya pili atakosa mlima. Ya tatu atampata mbwa wa Bouchta."

"Huyu mama anajua," nikamwambia muuzaji. Hakunijibu. Nadhani nami nilikuwa upande usiostahili kujibiwa.

Tulirudi mikono mitupu. Ni Bouchta aliyekumbuka kwamba Bi Mahjouba, mjane wa askari wa misitu, ana bunduki kabatini katikati ya mablanketi. Tulikwenda. Ilikuwa ya Kihispania, ya zamani, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, nzito kiasi. Yamna akaikunja katikati kuifungua, akaitazama mitutu kwenye mwanga wa dirisha, akaigonga kwa ukucha asikilize kama inalia sawasawa. Ililia vizuri.

"Mbona hainunuliki?" akauliza.

"Ina ila," Bi Mahjouba akasema kwa uaminifu. "Kila ukiifungua kutia risasi, kifungio kinajifunga chenyewe. Usipokisukuma mbele kwa kidole gumba, haipigi. Wawindaji wanakuja, wanatukana, wanaondoka."

Kweli. Hata mimi niliwahi kuja, nikatukana, nikaondoka. Kwale hangoji ukitafuta kifungio.

Yamna alimtazama mumewe, akaitazama bunduki, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Tunaichukua," akasema.

Walikubaliana kwa dirham elfu mbili na kaftani ya harusi kwa binti wa Bi Mahjouba. Kitako kilikuwa kirefu kwa mikono ya Thami. Yeye mwenyewe akatoa utepe shingoni, akajipima kutoka kwenye kiwiko hadi kidole, akachora kwa chaki mahali pa kukata, akamwachia seremala. Kwa jinsi alivyochora, ungedhani bunduki itatiwa na bitana.

Jumapili ya kwanza ya msimu tukapanda. Lazima niseme hapa kwamba nina punje mbili za marisau shingoni, alizoniachia shemeji yangu. Shemeji anaapa mpaka leo kwamba kwale alikuwa juu. Ndiyo maana siwapendi wanaoanza, na ndiyo maana nilimweka Thami katikati, Yamna akiwa juu yake na mimi chini yake, nimwone vizuri.

Jua lilikuwa bado halijachoma umande. Kwale akaruka miguuni kwa Thami kwa ule mngurumo wake wa kumtoa mtu roho, akakata kuteremka, chini chini, moja kwa moja usoni kwangu. Thami akageuka naye. Nikaiona mitutu yote miwili, matundu yake meusi, na nyuma yake uso wa Thami, macho safari hii yakiwa wazi kabisa. Nikaketi kwenye miiba. Kwale akapita juu ya kofia yangu. Hapakulia kitu.

"Mmeona!" Bouchta alipiga kelele kutoka juu. "Amejizuia! Hata mzoefu angepiga! Fundi ana moyo wa chuma!"

Ilipofika saa ya chakula Bouchta alikuwa ameshaisimulia mara kadhaa, na kila mara kwale alizidi kuwa karibu na pua yangu. Tulikuwa tumewasha moto wa matawi, Yamna amepasha nyama yetu iliyokaushwa pamoja na mayai, chai inachemka. Mimi nilikuwa sijasema kitu, ila nilishaamua moyoni kwamba Thami ni mwenzetu, na hao wa hamamu watafute habari nyingine.

Thami aliweka mkate chini.

Yamna akamtazama. Yeye alikuwa karibu naye mlimani, alikiona kidole cha mumewe. Akatikisa kichwa kidogo sana, kumwambia anyamaze.

"Ami Maati," Thami akasema, "sikujizuia. Nilivuta. Nilivuta zote mbili. Nilisahau kukisukuma kile kifungio, ndiyo maana haikulia. Nilikuwa namwona kwale tu. Wewe sikukuona."

Bouchta aliendelea kumimina chai kwenye glasi iliyokwisha kujaa. Yamna alisimama, akaitoa risasi kwenye bunduki yake, akaanza kuiingiza kwenye mkoba, polepole, kama mtu anayefunga nyumba anayohama. Alijua kanuni zangu: anayemfyatulia mwenzake harudi tena mlimani. Baba yake ndiye aliyenisaidia kuziweka.

Mimi nilikuwa na hasira ya kumpiga mtu kofi.

"Unafunga nini, binti?" nikauliza. "Jua bado liko juu."

"Ami, umesikia alichosema."

"Nimesikia. Mchana huu utatembea katikati wewe, yeye chini, mimi juu kabisa na miti mbele yangu." Nikamgeukia Thami. Alikuwa mweupe kama kitambaa cha sanda, hajui aweke wapi mikono. "Na wewe fundi, utakuja kila Jumapili mpaka ujifunze. Siku ukiniua, angalau utakwenda mwenyewe kusema ni wewe."

Thami akafikiri, kisha akajibu kwamba ndiyo, atakwenda kusema.

Yamna akaitoa tena bunduki yake mkobani.